Sura ya Sita: Mbona Lincoln Alichelewa?

Mtaje Abraham Lincoln mbele ya darasa la kidato cha nne, au kwenye kijiwe cha kahawa chenye wasomaji wa magazeti, na swali litakuja kabla hujamaliza kauli yako. Kama huyu bwana aliuchukia utumwa kama vitabu vinavyosema, mbona aliapishwa Machi 1861 na watumwa wakasubiri tamko lake mpaka Januari 1863? Miezi ishirini na mbili ya nini? Rais si rais? Si angetoa amri siku ile ile?

Wanaojibu huwa kambi mbili. Kambi ya kwanza humfanya walii, mtu aliyezaliwa kuja kuvunja minyororo. Kambi ya pili humfanya laghai: mwanasiasa aliyejali kura na mipaka ya nchi, akawakumbuka watumwa alipozidiwa vitani. Hawa wa pili wana ushahidi mkononi. Ni barua ya Agosti 1862 aliyomwandikia Horace Greeley, mhariri wa gazeti la New York, akimweleza kwamba shabaha yake ni kuuokoa Muungano wa Marekani, na kwamba kama angeweza kuuokoa pasipo kumwachia huru hata mtumwa mmoja, angefanya hivyo.

Barua ni ya kweli. Ila siku alipoiandika, rasimu ya tangazo la kuwaachia huru watumwa ilikuwa imeshasomwa mbele ya mawaziri wake mwezi mmoja nyuma, ikawekwa kusubiri wakati wake. Ukilijua hilo, barua inasomeka vingine kabisa. Ni mtu anayewaandaa wananchi, ambao wengi wao hawakuwatakia watu weusi heri yoyote, walipokee jambo ambalo yeye ameshaliamua.

Dai la sura hii ni moja. Lincoln alisukumwa mara nyingi, na wa kwanza kumsukuma walikuwa watumwa wenyewe. Sifa yake ni kwamba hatua aliyokwisha kuipiga hakuirudisha, hata pale ambapo kuirudisha kulionekana ndiyo njia pekee ya kukiokoa kiti chake.

Nchi aliyoikuta

Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watu wapatao milioni 31. Kati yao, karibu milioni 4 walikuwa watumwa. Kisheria mtumwa alikuwa mali: aliuzwa mnadani, alirithishwa, aliwekwa rehani benki, na mtoto aliyemzaa alikuwa wa bwana wake. Wengi wao walilima pamba katika majimbo ya Kusini, na pamba ndiyo ilikuwa bidhaa kuu ya nchi hiyo kuuza nje.

Pamba hiyo haikuwa mbali nasi kama tunavyodhani. Kitambaa kigumu cheupe kilichoingia Unguja kwa majahazi ya wafanyabiashara wa Salem, kikabebwa na wapagazi mpaka Unyanyembe na Ujiji, kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyovunwa na watumwa wa Kusini. Ndiyo merikani ya bibi zetu. Vita vilipoanza ikaadimika sokoni Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikaichukua nafasi yake.

Turudi Washington. Rais wa Marekani hakuwa na mamlaka ya kufuta utumwa ndani ya jimbo lolote. Katiba, yaani sheria mama inayogawa madaraka kati ya serikali kuu na majimbo, iliuacha utumwa mikononi mwa kila jimbo, na ilidai mtumwa aliyetorokea jimbo jingine arudishwe kwa bwana wake. Chama cha Lincoln, cha Republican, kilichoanzishwa 1854, hakikuahidi kuufuta. Kiliahidi kuuzuia usienee katika maeneo mapya ya Magharibi. Hata ahadi hiyo ndogo iliwatosha watu wa Kusini kuona mwisho wao umefika. Lincoln alishinda Novemba 1860 kwa kura zisizofika asilimia 40 ya kura za wananchi, kwa kuwa wagombea walikuwa wanne. Kabla hajaapishwa, majimbo saba yalikwisha jitenga na kuunda serikali yao chini ya Jefferson Davis. Tutaiita Shirikisho la Kusini.

Siku ya kuapishwa, 4 Machi 1861, alisimama akaahidi kwamba hataugusa utumwa pale ulipo. Zaidi ya hayo, siku chache kabla Bunge lilikuwa limepitisha pendekezo la kuiongeza Katiba kipengele cha kuulinda utumwa majimboni daima, na Lincoln akasema hana pingamizi nalo. Wanaomfanya walii huiruka siku hii. Tusiiruke. Kama Kusini wangeikubali ile bei, kipengele cha kumi na tatu cha nyongeza katika Katiba ya Marekani kingekuwa cha kulinda utumwa.

Hawakuikubali. Tarehe 12 Aprili mizinga yao ikaipiga ngome ya Sumter, kwenye bandari ya Charleston. Lincoln akaita askari wa kujitolea 75,000, na majimbo mengine manne yakajitenga, yakawa 11.

Tatizo la majimbo manne

Hapa ndipo penye jibu la nusu ya swali letu. Majimbo manne yenye watumwa, Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, yalibaki upande wa Lincoln. Wanahistoria huyaita majimbo ya mpakani. Itazame ramani: Washington, makao ya serikali, imebanwa kati ya Maryland na Virginia. Virginia ilikwisha kwenda. Maryland nayo ingekwenda, rais angeamka asubuhi akiwa ndani ya nchi ya adui. Kuhusu Kentucky aliandika kwamba kuipoteza ni karibu sawa na kupoteza kila kitu.

Agosti 1861 Jenerali John Frémont, kamanda wa Missouri, alitangaza kwa kichwa chake kwamba watumwa wa waasi wote wa jimbo hilo wako huru. Wapinga utumwa wa Kaskazini walishangilia. Lincoln alimwomba arekebishe tangazo. Frémont akakataa, akamtuma mkewe Jessie aende Washington kumtetea. Lincoln akalifuta. Mei 1862 Jenerali David Hunter alifanya vivyo hivyo kwa majimbo matatu ya pwani ya Kusini, na tangazo lake likafutwa pia, safari hii kwa maelezo kwamba uamuzi wa namna hiyo rais ameuweka mikononi mwake mwenyewe. Msomaji makini angenusa kitu hapo. Hakusema jambo lenyewe haliwezekani. Alisema si la jenerali kuliamua.

Watatu waliovuka kwa mashua

Wakati wakubwa wakibishana juu ya mamlaka ya nani yafike wapi, watumwa walikuwa wameshaanza safari.

Usiku wa 23 Mei 1861, watu watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliiba mashua ndogo wakavuka maji ya Hampton Roads, pwani ya Virginia. Kwa majuma kadhaa walikuwa wakitumikishwa kujenga kituo cha mizinga cha jeshi la Kusini. Walisikia kwamba bwana wao, Kanali Charles Mallory, ana mpango wa kuwahamishia North Carolina, mbali na familia zao. Ng'ambo ya maji ilikuwepo ngome ya Monroe, bado mikononi mwa jeshi la Lincoln. Wakaenda kwenye lango la adui wa bwana wao, wakajisalimisha.

Kamanda wa ngome, Jenerali Benjamin Butler, alikuwa mgeni hapo, na kabla ya vita alikuwa wakili wa Massachusetts. Hakuwa na sifa ya kupigania watu weusi. Aliwahoji, akasikia habari za kituo cha mizinga, akawapa kazi. Mara akaja ofisa wa Kusini na bendera nyeupe, Meja John Cary, akidai watumwa warudishwe kama sheria ya Marekani inavyotaka. Butler akamgeuzia hoja yake mwenyewe: Virginia mnasema ni nchi nyingine, basi sheria ya Marekani ya kurudisha watoro haiwahusu. Na kwa kuwa mnasema hawa ni mali, na mali hii mlikuwa mkiitumia kunipiga vita, mimi naikamata kama ngawira.

Lilikuwa jibu la wakili, na lina ubaya wake: lilimhesabu mtu kama gunia la baruti. Lakini hao watatu hawakurudi. Habari zilienea kwenye vibanda vya watumwa kwa kasi ambayo jeshi lilishindwa kuielewa. Siku chache baadaye walifika makumi, kisha mamia, wanaume kwa wanawake, vikongwe na watoto wa mgongoni. Butler akaandika Washington kuuliza: mama aliyekuja na watoto naye ni ngawira ya vita? Lincoln na mawaziri wake wakaacha uamuzi wake usimame. Agosti 1861 Bunge likaufanya sheria: mtumwa aliyetumikishwa katika kazi za kijeshi za Kusini, bwana wake hana tena haki juu yake. Julai 1862 ikaja sheria kali zaidi iliyowagusa watumwa wa waasi kwa jumla.

Kwa hiyo sera ya serikali ilianza kubadilika kutokea langoni mwa ngome, kwa miguu ya watoro. Kila kikosi cha Kaskazini kilichosonga mbele kilikuta watu wanakisubiri barabarani. Kamanda aulizwe: uwarudishe kwa adui wakamlimie chakula, au uwape sepetu? Wengine walikuja na zaidi ya miguu yao. Mei 1862, Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa rubani wa kweli wa meli ya Planter ingawa cheo hicho hakupewa, aliitoa meli hiyo bandari ya Charleston alfajiri, na familia yake ndani, akivaa kofia ya kapteni na kupiga king'ora cha salamu kila alipopita mbele ya ngome. Akaikabidhi kwa jeshi la majini la Kaskazini. Miaka ya baadaye akawa mbunge.

*Kwa kifupi mpaka hapa:* rais hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kufuta utumwa majimboni, na aliogopa kuyapoteza majimbo manne ya mpakani. Vita vilimpa mamlaka mapya, ya amiri jeshi. Na waliomwonyesha jinsi utumwa na vita vilivyofungamana ni watumwa waliotoroka.

Karatasi iliyosubiri

Lincoln alijaribu kwanza njia ya fedha. Aprili 1862 utumwa ulifutwa katika Washington yenyewe, ambako Bunge lilikuwa na mamlaka, na mabwana wakalipwa hadi dola 300 kwa kichwa. Watu zaidi ya 3,000 wakawa huru. Fidia ilikwenda kwa aliyemiliki, si kwa aliyemilikiwa, kama ilivyokuja kufanyika Unguja 1897. Kisha akawaita wabunge wa majimbo ya mpakani, akawasihi wakubali mpango wa namna hiyo, pole pole na kwa malipo. Tarehe 12 Julai aliwasihi kwa mara ya mwisho. Wengi wakakataa.

Siku kumi baadaye, 22 Julai, aliwasomea mawaziri rasimu. Aliwaambia hakuwaita kuomba ushauri kuhusu jambo lenyewe, maana limeshaamuliwa. William Seward, waziri wa mambo ya nje, akatoa hoja moja ya wakati: jeshi letu limetoka kupigwa karibu na Richmond, makao makuu ya adui; ukitangaza leo, dunia itaona serikali inayozama inanyoosha mkono kwa watumwa. Subiri ushindi. Lincoln akaikubali hoja, akaiweka karatasi.

Miezi miwili iliyofuata ndiyo inayomchafua zaidi. Ile barua kwa Greeley ni ya kipindi hicho. Na 14 Agosti aliwaita Ikulu watu weusi watano, viongozi wa jamii yao Washington, akawaambia kwamba jamii hizi mbili haziwezi kuishi pamoja kwa wema, afadhali watu weusi wahamie Amerika ya Kati. Watu hao walizaliwa Marekani, na baba zao pia. Wapo wanaosema alikuwa anawatuliza wazungu wenye hofu. Inawezekana, lakini mradi wenyewe ulikuwa wa kweli: mwaka uliofuata watu wapatao 450 walipelekwa kisiwa cha Île-à-Vache, Haiti, wakafa wengi kwa magonjwa na njaa, mpaka serikali ikatuma meli kuwarudisha waliosalia. Mimi siwezi kulipamba hilo. Wazo la kuwahamisha watu weusi alilibeba miaka mingi, na ni baada ya tangazo la Januari 1863 ndipo aliacha kulitaja hadharani.

Tarehe 17 Septemba majeshi yalikutana Antietam, Maryland. Kwa siku moja waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walifika kama 23,000 pande zote mbili. Jeshi la Kusini, chini ya Jenerali Lee, likarudi Virginia. Ulikuwa ushindi mchafu, lakini ulitosha. Siku tano baadaye Lincoln akatangaza: jimbo litakalokuwa bado katika uasi ifikapo 1 Januari 1863, watumwa wake watakuwa huru daima. Uchaguzi wa vuli ukafuata, chama chake kikapoteza viti vingi bungeni. Wengi wakadhani atarudi nyuma.

Januari mosi ikafika. Asubuhi nakala ya tangazo iliyoletwa ilikutwa na kosa la kiuandishi, ikarudishwa. Kisha, kwa desturi ya mwaka mpya, Lincoln akasimama saa tatu nzima kushikana mikono na wageni Ikulu. Alasiri Seward na mwanawe Frederick wakapanda ofisini na nakala safi. Lincoln akachovya kalamu, akaiweka chini. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, unatetemeka. Akaeleza kwamba hajawahi kuwa na hakika kama aliyo nayo leo, ila saini hii itachunguzwa, na wakiona imetetemeka watasema alisita. Akausugua mkono, akaandika jina lake taratibu, jina zima, yeye ambaye kwa kawaida alitia saini kwa herufi moja na jina la ukoo.

Tangazo lenyewe lilisema nini?

- Watumwa wote wa maeneo yaliyo katika uasi wako huru, na jeshi lina wajibu wa kuulinda uhuru huo.
- Watu weusi wataandikishwa jeshini.
- Majimbo manne ya mpakani hayaguswi. Tennessee nzima haiguswi, wala New Orleans na baadhi ya maeneo mengine yaliyokwisha kutekwa.

Wakosoaji walicheka: amewaachia huru watumwa asiowafikia, akawabakiza utumwani anaowafikia. Kejeli hii bado hurudiwa, na inapotosha. Kwanza, si kweli kwamba hakuna aliyepata uhuru siku ile, maana sehemu za pwani ya Carolina Kusini zilizokuwa mikononi mwa Kaskazini hazikutolewa kwenye tangazo, na maelfu walisherehekea mchana ule ule. Pili, mamlaka aliyotumia ni ya amiri jeshi dhidi ya adui. Mahali pasipo na uasi mamlaka hayo hayakuwepo, na mahakama ingelitupa tangazo lote.

Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu mkubwa wa tangazo. Serikali ikiwa vitani inaweza kulichukua lori la mfanyabiashara kubebea askari. Vita vikiisha, mwenye lori atakuja na kadi yake kuliulizia. Je, mabwana wa Kusini nao wangekuja kuwaulizia watu wao? Swali hilo lilimnyima Lincoln usingizi kuliko wakosoaji wake walivyojua, na tutalirudia.

Sare ya bluu

Kipengele cha kuandikisha askari ndicho kilichogeuza vita. Kabla ya mwisho, watu weusi wapatao 180,000 walitumikia jeshi la nchi kavu, na maelfu mengine jeshi la majini. Wengi wao walitoka utumwani moja kwa moja. Kama 40,000 hawakurudi, wengi wakiuawa na magonjwa kuliko risasi. Tarehe 18 Julai 1863 kikosi cha 54 cha Massachusetts kiliishambulia ngome ya Wagner, Carolina Kusini, kikapoteza karibu nusu ya waliokwenda, pamoja na kanali wake mzungu, Robert Gould Shaw. Ngome haikuanguka siku ile. Kilichoanguka ni maneno ya wale waliosema mtu mweusi akisikia mzinga atakimbia.

Mshahara wao ulikuwa dola 10 kwa mwezi, wakikatwa 3 za nguo. Mzungu alipata 13, na nguo juu. Askari wa kikosi cha 54 walikataa kupokea hata senti, wakapigana bila mshahara mwaka na zaidi, na wake zao nyumbani wakiomba kwa majirani. Agosti 1863 Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani Maryland akawa msemaji mkubwa wa watu weusi, alikwenda Ikulu bila miadi. Wanawe wawili walikuwa katika kikosi hicho. Alikuta ngazi zimejaa wazungu wanaosubiri, akajiandaa kukaa kutwa, lakini aliitwa baada ya dakika chache. Alidai mishahara sawa, vyeo, na ulinzi kwa mateka weusi waliokuwa wakiuawa au kuuzwa. Kuhusu mshahara, Lincoln alimjibu kwamba ubaguzi huo ni bei iliyolipwa ili umma ukubali askari weusi, na utaondoka. Douglass hakuridhika na jibu. Lakini alitoka akisema amezungumza na mtu asiyemkumbusha rangi yake. Bunge lilisawazisha mishahara Juni 1864.

Agosti 1864: mtihani wenyewe

Ukitaka kumpima kiongozi, usimtazame siku ya saini. Mtazame siku ambayo saini ile inamgharimu.

Majira ya joto ya 1864 vita vilikuwa vimekwama. Jenerali Grant, kamanda wa Kaskazini, alikuwa amepoteza makumi ya maelfu ya watu akielekea Richmond, na Julai jeshi la Kusini lilifika mpaka ukingoni mwa Washington. Serikali ikaita askari wengine 500,000. Uchaguzi ulikuwa Novemba. Lincoln alikuwa ametamka kwamba masharti yake ya amani ni mawili: Muungano urudi, na utumwa uishe. Wapinzani wakalidaka sharti la pili: watoto wenu wanakufa kwa ajili ya watu weusi.

Tarehe 22 Agosti Henry Raymond, mwenyekiti wa chama chake mwenyewe, alimwandikia kwamba uchaguzi umekwisha potea, na chanzo ni imani ya watu kwamba amani ingekuja leo kama si suala la utumwa. Akapendekeza atumwe mjumbe kwa Jefferson Davis na sharti moja tu, la Muungano. Lincoln aliandika rasimu ya maagizo ya safari hiyo. Kalamu ilifika mpaka hapo. Kisha akakutana na Raymond, wakazungumza, na mjumbe hakutumwa.

Siku hizo hizo aliwaambia wageni wawili kutoka Wisconsin kwamba wapo wanaomshauri awarudishe askari weusi kwa mabwana wao ili Kusini itulie, na kwamba akifanya hivyo atastahili laana ya dunia na ahera. Alimwita Douglass, safari hii kwa mwaliko. Alitaka mpango: kama nitashindwa Novemba, tuwatoeje watumwa wengi kadiri inavyowezekana kabla sijaondoka madarakani? Douglass, aliyemlaumu kwa ucheleweshaji tangu siku ya kwanza, alitoka akiwa mtu mwingine.

Na 23 Agosti akaandika karatasi fupi kwamba yaelekea serikali hii haitachaguliwa tena. Akaikunja isisomeke, akawapa mawaziri waitie saini kwa nyuma. Wakatia saini bila kujua kilichomo.

Septemba 2 Jenerali Sherman wa Kaskazini aliiteka Atlanta. Hali ikageuka siku moja. Novemba Lincoln alipata kura 212 za wajumbe wa uchaguzi, mpinzani wake, Jenerali McClellan, 21. Ushindi wa Atlanta hakuupanga yeye. Alichokuwa nacho ni kwamba ulimkuta bado amesimama pale pale.

Kuua mzizi

Lile swali la lori lilihitaji jibu la kudumu, nalo ni marekebisho ya Katiba: kipengele kipya kinachopita kwa theluthi mbili za kila chumba cha Bunge, kisha robo tatu ya majimbo. Seneti ilipitisha Aprili 1864. Baraza la Wawakilishi likakwama Juni. Baada ya uchaguzi Lincoln angeweza kusubiri Bunge jipya lenye watu wake wengi. Mara hii aliyesifika kwa kuchelewa hakutaka kuchelewa. Aliwaita wabunge mmoja mmoja. Wapambe wake wakazunguka kwa wapinzani walioshindwa uchaguzi, wanaotafuta pa kwenda. Nani aliahidiwa nini, mengi hayakuandikwa.

Siku ya kura, 31 Januari 1865, uvumi ukaenea bungeni kwamba wajumbe wa amani wa Kusini wako njiani kuja Washington. Kura zilianza kuyumba. Mbunge James Ashley akamwandikia rais amwondolee shaka. Lincoln akajibu kwa mstari mmoja au miwili kwamba kwa ajuavyo yeye hakuna wajumbe wa amani mjini, wala hawatarajiwi mjini. Kila neno lilikuwa kweli. Wajumbe walikuwa wanaelekea ngome ya Monroe, na siku tatu baadaye alikutana nao kwenye meli, juu ya maji yale yale waliyoyavuka Baker, Mallory na Townsend. Unaweza kumlaumu kwa hila hiyo. Kura zilikuwa 119 kwa 56. Tatu zingehamia upande wa pili, kipengele kingeanguka.

Kipengele kilifuta utumwa Marekani nzima, isipokuwa kama adhabu ya mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Upenyo huo mdogo ulikuja kupitisha magari: baada ya vita majimbo ya Kusini yaliwakamata watu weusi kwa makosa kama uzururaji, yakawakodisha mashambani na migodini kama wafungwa.

Lee alisalimu amri 9 Aprili. Jioni ya 11 Aprili, kutoka dirisha la Ikulu, Lincoln alisema angependa baadhi ya watu weusi wapige kura, hasa wenye elimu na waliopigana vitani. Ni kidogo, lakini hakuna rais aliyewahi kutamka hivyo hadharani kabla yake. Ndani ya umati alikuwemo mwigizaji John Wilkes Booth. Alimpiga risasi siku tatu baadaye kwenye ukumbi wa Ford, na Lincoln akafa asubuhi ya 15 Aprili.

Kwa hiyo, alichelewa? Kwa mama mtumwa wa Alabama ambaye mwanawe aliuzwa mwaka 1862, alichelewa, na hakuna maelezo ya kisiasa yatakayomfaa mama huyo. Kwa vipimo vya mamlaka aliyokuwa nayo na watu aliowaongoza, alifika mbali kuliko mwanasiasa mwingine yeyote wa wakati wake aliyekuwa na nafasi ya kushinda uchaguzi. Watumwa wa Texas walisomewa habari ya uhuru wao Galveston tarehe 19 Juni 1865, na siku hiyo imekuwa sikukuu ya taifa tangu 2021. Kipengele cha kumi na tatu kilitimiza idadi ya majimbo 6 Desemba 1865, Georgia ikiwa ya 27 kati ya 36. Delaware na Kentucky, mawili kati ya yale manne aliyoyabembeleza miaka yote ya vita, yalikikataa. Watumwa wao waliachiwa kwa sababu tu majimbo mengine yalitosha. Delaware ilikiridhia mwaka 1901, Kentucky mwaka 1976.